Maombi Yalikwenda Toronto

Joash Ogutu alimdanganya mama yake siku ya Jumapili, mama akiwa ndiyo kwanza ametoka kanisani, na hilo peke yake lingetosha kumnyima mtu usingizi. Lakini Joash alikuwa mtu wa mipango. Mtu wa mipango akianza kudanganya, hudanganya kwa utaratibu: anakupa tarehe, anakupa saa, anakupa na jina la mji.

"Hatimaye umechagua ubalozi gani?" mama alimuuliza kwenye simu. Walizungumza Kijaluo, kama kawaida yao. Jina lake ni Rachael, ila pale mtaani kwake Riruta, Nairobi, hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Mama Joash kwa wakubwa na wadogo. Shule aliiacha darasa la saba, lakini mambo ya visa za Marekani aliyajua kuliko makarani wengine, maana kwa miaka sita alikuwa akiyaombea moja baada ya jingine.

"Toronto, Mama. Ni karibu na hapa Detroit. Navuka daraja naingia Canada, naendesha gari kwa saa nne, nahojiwa, narudi."

"Si wakili wako alisema visa ya kwanza ya kazi ni afadhali mtu akahojiwe kwao?"

"Alisema. Lakini Toronto ni karibu."

"Sawa. Basi sisi tutaombea Toronto."

Na wakaombea kweli. Akina mama wa kanisa walifunga Jumatano tatu mfululizo. Walimwombea ofisa wa Toronto ambaye hata jina lake hawakulijua: Mungu amlainishe roho, ampe usingizi mwema usiku wa kuamkia tarehe kumi na nane Julai, asije kazini na hasira za nyumbani kwake. Kanyiva, jirani wa mlango wa pili kwenye ploti, ambaye ni Mkamba na wa kanisa jingine kabisa, naye akaweka neno lake. Maombi yote hayo yakapanda juu, yakakata kona, yakaenda Canada, ambako Joash hakuwa na miadi na mtu yeyote. Miadi yake ilikuwa Nairobi.

Sasa, kabla hujamtemea mate, sikiliza. Miaka miwili nyuma, mwaka wa 2005, baba yake alifariki. Mzee Ogutu alikuwa fundi wa mabomba wa baraza la jiji. Ukiuliza mtaa wa Woodley ni nani alizibua mifereji yao kwa miaka ishirini na saba, ni yeye. Wakati huo Joash alikuwa amemaliza chuo, na maombi yake ya kubadilisha kibali, kutoka cha mwanafunzi hadi cha kazi, yalikuwa mezani kwa serikali ya Marekani. Wakili alimwambia bila kupepesa macho: ukitoka nchini kabla hayajajibiwa, umeyaua. Joash akabaki. Mzee akazikwa kwao Ugunja bila kifunguamimba wake, na udongo ambao Joash angeutupa wa kwanza ukatupwa na binamu.

Kwao, mwana aliyekosa mazishi ya baba yake harudi nyumbani kama mtu aliyekuwa ametoka kidogo kwenda dukani. Kaburi kwanza. Asimame pale, alie kama ana machozi, aseme alilonalo. Baada ya hapo ndipo aingie nyumba ya mama yake, ndipo ale, ndipo mama ampe mkono. Mama Joash ameokoka tangu mwaka wa themanini na moja, lakini kuna mambo ambayo hata wokovu huyapisha njia.

Kwa hiyo Joash alipiga hesabu zake. Kibali cha kazi kilikuwa kimetoka, lakini visa yake hutolewa nje ya Marekani tu, na bosi wake amempa wiki moja. Jumatatu anafika Nairobi, Jumatano anahojiwa, Ijumaa anachukua pasipoti, Ijumaa usiku anapanda ndege. Ugunja ni usiku mzima kwenda na mchana mzima kurudi. Akimwambia mama yuko Nairobi, mama atasema neno moja tu, kaburi, na hilo neno litavuruga ratiba yote. Toronto nako hakutaki, kwa kuwa mtu akinyimwa visa kule hawezi kurudi Detroit hata kuchukua nguo zake. Atabaki ananing'inia Canada kama shati lililosahaulika kwenye kamba. Afadhali aje Nairobi kimyakimya, apate visa, aondoke, halafu Desemba arudi kwa heshima, na mwezi mzima mkononi, aende kaburini kama mwana wa watu.

Hivyo ndivyo alivyojiambia. Ukweli ni kwamba aliliogopa lile kaburi. Angepewa mwezi angeliogopa, na angepewa mwaka angeliogopa. Ratiba ilikuwa blanketi tu la kujifunika.

*

Julai ya Nairobi ni baridi na manyunyu, jua huliona kwa bahati, lakini Joash alitembea mjini na kofia imeshuka hadi kwenye nyusi na miwani myeusi juu ya pua. Alipanga chumba katika hoteli moja ya Accra Road. Nzula, mhudumu wa mapokezi, alimtazama akasema, "Boss, hiyo miwani utaanguka kwa ngazi," na Joash akajibu kwamba ana shida ya macho. Huo ulikuwa uongo wa pili, na haikuwa hata saa sita mchana.

Jumanne aligundua kwamba picha alizobeba zilikuwa za mwaka uliopita, na ubalozi ulitaka za karibuni. Mtu akijificha hupita njia anazozijua, na hilo ndilo kosa lake. Joash alikwenda moja kwa moja kwa Bhavesh, studio ya Biashara Street, alikopigwa picha ya visa ya mwanafunzi mwaka wa 2001, kwa sababu Bhavesh alivijua vipimo vya Wamarekani kwa kichwa.

"Toa kofia. Toa miwani," Bhavesh alisema, akiinamia kamera. Alikuwa ameongeza mvi na kitambi. "Marekani anataka kuona masikio. Usicheke." Akapiga. Kisha akainua kichwa, akamtazama Joash tena, safari hii bila kamera. "Hii sura mimi najua."

"Hapana," Joash alisema.

"Iko mzee moja, fundi ya maji, Ogutu. Kila Krismasi alikuwa anakuja hapa na familia, anasimama hapo hapo umekaa. Akakufa. Mama alileta picha ya kitambulisho, akasema niifanye kubwa ya kuweka juu ya jeneza. Hiyo kazi sikupea mtu, nilifanya mwenyewe, sababu picha ilikuwa imekunjika hapa kwa shavu." Bhavesh alijigusa shavu lake. "Alikuwa na kijana huko America. Mama alisema hawezi kuja matanga. Ni wewe?"

Joash angeweza kusema ndiyo. Bhavesh si wa Riruta, hana habari na kaburi, na pengine angempa pole tu na kikombe cha chai. Lakini ulimi ulikwisha kuzoea.

"Si mimi. Mimi ni wa Kakamega."

Bhavesh alizikata zile picha vipande vya mraba. "Basi Mungu alifanya kopi mbili," alisema, akamkabidhi bahasha. Hakuuliza tena.

Joash alitoka akiwa ameona haya mpaka masikio, yale yale ambayo Marekani ilitaka kuyaona. Alifika kwenye kona ya Moi Avenue akasimama. Alikuwa amemkana baba yake mbele ya mtu aliyekaa na uso wa baba yake siku nzima, akiunyoosha shavu. Alitamani kurudi akamwambie. Miguu ikakataa, na manyunyu yakaanza, naye akaenda hotelini akalala na viatu.

*

Jumatano alihojiwa. Foleni ilianza alfajiri, na zamu yake ilifika saa nne na robo. Nyuma ya kioo alikuwapo ofisa kijana, mwanamke mwenye uso mchangamfu, aliyepitia makaratasi yake haraka haraka: kazi gani, hospitali gani, kompyuta zipi anazozitunza, shahada kutoka wapi, mshahara kiasi gani. Joash alijibu kama mtoto aliyekariri. Mambo yalikuwa yanateleza.

"Unakaa wapi hapa Nairobi?"

Hoteli, Accra Road. Maneno mawili matatu, hakuna sheria iliyoyakataza. Lakini Joash aliona ghafla jinsi yatakavyosikika: mtu ana mama mji huu huu na amelala hotelini. Ofisa atauliza kwa nini, na jibu la kwa nini hakuwa nalo hata la kujipa mwenyewe.

"Kwa mama yangu, Riruta, tangu Jumatatu," alisema.

"Lazima amefurahi sana kukuona."

"Sana," Joash alisema.

"Njoo Ijumaa saa nane mchana uchukue pasipoti."

Alitoka pale akiwa mwepesi. Alirudi mjini, akala wali na kuku, akamwachia mhudumu bakshishi ya kijinga. Alijiambia limepita. Alijiambia Desemba atamletea mama vitu ambavyo hakuwahi kuletewa na mtu. Mtu mwenye hatia hupenda sana kupanga zawadi.

Saa tisa na nusu simu yake ikalia. Ilikuwa sauti ya mwanamke wa Kenya, ya upole, ya kiofisi.

"Bwana Ogutu? Napiga kutoka ubalozini. Huwa tunahakikisha anwani, kwa hivyo tumepigia namba ya mama yako, ile uliandika kwa fomu."

Namba hiyo aliiandika mwenyewe, Detroit, bila kufikiri, kwa kuwa ndiyo namba pekee ya Kenya aliyoijua kwa kichwa.

"Mama anasema hakuna mtu kama huyo kwake," sauti iliendelea. "Anasema mtoto wake hajakanyaga Kenya kwa miaka sita. Anasema saa hii ako Toronto, anahojiwa, na kanisa lao leo wamefunga kwa ajili yake. Nilimuuliza mara mbili. Sasa ofisa anataka kujua wewe ni nani."

Joash aliibana simu sikioni.

"Kesho saa nne uje na mama mwenyewe, na kitambulisho chake. Bila yeye faili inafungwa. Na bwana Ogutu, ikionekana umedanganya ofisa, hiyo si ya kukataliwa mara moja. Hiyo inakufuata maisha yako yote."

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na ya Joash ilikuwa imekatika siku ya tatu. Lakini wahenga hao hao walisema mchuma janga hula na wa kwao, na hilo ndilo lililomkalisha kitandani kichwa mikononi. Visa yake, kazi yake, nyumba yake ya Detroit, vyote vilikuwa sasa mdomoni mwa mama yake, na mama yake hakuwahi kusema uongo. Si kwamba alisema mchache. Hakuwahi. Huyu ni mwanamke aliyewahi kusimama katikati ya ibada kumwambia mchungaji kwamba wiki ile yeye hakufunga, alikula viazi, asihesabiwe.

*

Alifika Riruta saa kumi na moja jioni, bila kofia, bila miwani. Dada yake Selpher alikuwa anaanua nguo kwenye kamba. Alimwona akiingia getini, akashusha beseni polepole.

"Ebu ona," alisema. "Toronto imefika."

"Sel."

"Usini-Sel. Ingia basi, si uko na visa?"

Mlango wa mama ulikuwa wazi. Alikuwa kwenye cherehani, anashona majoho ya kwaya, na mguu wake haukusimama mara moja. Alimalizia mshono, akakata uzi kwa meno, ndipo akainua macho. Alikuwa amekonda. Hakuna aliyekuwa amemwambia Joash kwamba mama amekonda, na nani angemwambia, wakati yeye hakuwa anauliza ila habari za maombi? Machozi yalimtoka bila ruhusa. Akapiga hatua kuelekea mlangoni.

Mama aliinua mkono. "Hapo hapo."

Joash akasimama. Mama alichukua kigoda, akampita kwa mbali, akakiweka nje ukutani, karibu na mtungi wa maji. "Kaa."

Mwana wa kwanza wa nyumba ile alikaa nje kama mtu aliyekuja kusoma mita ya stima. Watoto wa ploti walisimama wakimtazama. Kanyiva akachungulia, akapiga kigelegele kimoja kabla Selpher hajamkonyeza, kisha kwa wema wake akaingia kwake, akatoka na kikombe cha chai kinachofuka.

"Karibu nyumbani, kijana yetu! Umefika lini?"

"Kanyiva," mama alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "rudisha tu chai. Huyu bado hajafika."

Kanyiva aliduwaa na kikombe chake, akarudi nacho.

Joash alieleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati: wakili, Toronto, wiki moja, bosi, Desemba. Mama alimsikiliza amesimama mlangoni, mikono imekunjwa tumboni. Hakumkatiza, na hilo lilimuumiza Joash kuliko kofi. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, alikuwa hata na hamu ya kutukanwa.

"Waliponipigia niliwaambia ukweli niliokuwa nao," mama alisema mwishowe.

"Ndiyo, Mama."

"Kesho saa ngapi?"

"Saa nne. Nikupitie na teksi?"

"Nitafika."

Alirudi ndani, na cherehani ikaanza tena.

Selpher ndiye aliyemsindikiza mpaka barabara ya Naivasha, na alikuwa ameacha dhihaka. "Unajua walipokata simu aliniuliza nini? Aliniuliza kama hao watu wa Toronto wako na ofisi hapa Nairobi. Nikamwambia Mathe, hakuna. Akaniuliza tena, labda tawi ndogo? Alikuwa anakutafutia njia, Joash. Ndio usikuwe umemdanganya." Alijifuta pua na kiganja. "Na sasa kesho unataka aseme nini?"

"Aseme ukweli," Joash alisema. "Aseme nililala hoteli. Litakalokuwa na liwe."

Alisema hivyo barabarani, jioni, akiwa na dada yake. Usiku, peke yake, alijikuta akiomba Mungu mama aulizwe jina lake tu na si kitu kingine.

*

Alhamisi mama alikuja na sare ya kanisani, kitambaa cheupe kimefungwa vizuri kichwani, kitambulisho ndani ya leso. Alisimama hatua mbili kutoka kwa Joash kwenye foleni. Mtu angedhani hawajuani.

Ofisa alikuwa yule yule, lakini bila tabasamu la jana. Yule karani aliyempigia Joash simu jana alisimama karibu naye kutafsiri.

"Mama, huyu ni nani?"

"Ni Joash, mwanangu wa kwanza."

"Una uhakika?"

"Nimemzaa," mama alisema. Akafungua leso, akatoa picha ya zamani waliyopigwa wote wanne, Mzee amemshika Joash bega. Ofisa aliitazama picha, akamtazama Joash, akairudisha chini ya kioo.

"Jana ulituambia mwanao yuko Toronto. Ulituambia hajafika Kenya miaka sita." Aliongea taratibu, akimpa karani nafasi. "Yeye anasema amekaa nyumbani kwako tangu Jumatatu. Lipi la kweli?"

Joash alikuwa na nafasi. Ilikuwa kubwa, mtu angeweza kupitisha ng'ombe. Angeweza kusema, mimi ndiye niliyedanganya, mwacheni mama. Alihesabu baadaye, mara nyingi, na kila mara akapata kwamba alikuwa na muda wa kutosha wa kulisema hilo mara mbili. Akanyamaza. Akatazama kioo.

Mama alitazama mikono yake. Kisha alifanya kitu ambacho Joash hakuwahi kumwona akifanya: alilegeza mabega, akapinda shingo, akacheka kicheko kidogo cha ubwege, kicheko cha bibi kizee asiyejua lake.

"Ah, mwanangu, nisamehe," alimwambia karani kwa Kiswahili. "Mimi ni mzee, na hizi simu hunichanganya kichwa. Niliongea vitu ya zamani. Ako kwangu. Amelala kwangu tangu hiyo Jumatatu. Jana hata nilimpikia."

Karani alitafsiri. Ofisa alimtazama yule mama mzee na kitambaa chake cheupe, na uso wake ukalegea. Akaandika kitu.

"Asante, mama. Samahani kwa usumbufu. Ijumaa saa nane, bwana Ogutu."

Walitoka. Walipita walinzi, wakapita geti, wakafika barabarani ambako watu huuza maua kwenye ndoo. Mama alikuwa amenyoosha tena mabega, lakini alikuwa anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Joash alimfuata nyuma.

"Mama. Asante."

"Usinishukuru." Alisimama, akashika mti mdogo wa kando ya barabara. "Nipe nafasi nipumue."

Alipumua. Magari yalipita. Kisha akaanza kusema, akitazama zile ndoo za maua.

"Siku tatu kabla hajafa, baba yako aliniuliza: Joash yuko njiani? Alikuwa na akili zake zote siku hiyo. Nesi alinitazama, akatikisa kichwa kwamba niseme ndiyo. Selpher alinifinya hapa mkononi, alama ilikaa wiki. Ilikuwa neno moja. Angelala vizuri. Mimi sikuweza, Joash. Nikamwambia, hapana, Baba Joash, haji. Akageukia ukuta. Hakuniuliza tena kitu mpaka mwisho."

"Mama—"

"Miaka miwili nimekuwa nikijiambia, angalau sikumdanganya. Nikiamka usiku hicho ndicho nilichokuwa nacho cha kushika. Hicho tu."

 Joash alikuwa analia wazi barabarani, mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja, na wauza maua walikuwa wameacha kuuza. Akafikiria Ijumaa saa nane, akafikiria ndege, akafikiria bosi, na kwa mara ya kwanza akaviona kwa ukubwa wake halisi. Pasipoti ingengoja ubalozini hadi Jumatatu. Tiketi ingebadilishwa. Bosi angefoka dakika tano kwenye simu. Yote aliyoyaita hayawezekani yalikuwa hayo, na kwa ajili ya hayo mama yake alikuwa ametoka kujifanya mjinga mbele ya kioo.

"Basi la Ugunja jioni linatoka saa ngapi?" aliuliza.

"Saa moja."

"Twende wote, Mama. Twende leo."

"Mimi siendi." Alifunga kitambulisho chake tena ndani ya leso, pembe kwa pembe, bila haraka. "Mimi sina uso wa kusimama pale leo. Nenda wewe. Na ukimaliza ya kwako, mwambie na ya kwangu. Mwambie lile neno nililomnyima yeye, nimekupa wewe."

Alivuka barabara kwenda kutafuta gari la mjini. Joash alibaki amesimama mpaka mama alipopotea machoni, ndipo akaenda kukata tiketi.